Bedford ya jeshi: anza na giaboksi, mashine itafuata

Kila fundi na kila dereva anayeinama kuchungulia chini ya lori langu hapa Arua, Uganda, huuliza swali lile lile: umeweka mashine gani? Giaboksi hawaulizi. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nimeona malori ya jeshi ya zamani yakitiwa mashine kubwa kwa gharama kubwa, halafu mwenyewe anashangaa mbona bado linatambaa barabarani, linakunywa mafuta na kupiga kelele hadi dereva anashuka masikio yakivuma. Kwa maoni yangu, kinachokosekana kwanza kwenye malori haya ni gia. Nguvu inafuata baadaye.

Lori lenyewe ni Bedford MK. Waingereza walilitengeneza kwa ajili ya jeshi lao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, libebe tani 4 mahali ambapo barabara haipo. Magurudumu yote manne yanasukuma, matairi ni makubwa ya 12.00-20, moja moja kila upande hata nyuma, na umeme wake ni volti 24. Mashine iliyotoka nayo kiwandani ni ya silinda 6, lita 5.4, iliyoundwa kukubali mafuta ya aina nyingi: dizeli, petroli, mafuta ya taa, chochote ambacho askari angekipata vitani. Kwa jeshi hilo lilikuwa jambo la maana sana. Kwangu mimi ninayejaza dizeli kituoni halina faida, na nguvu yake ni hospawa mia na kidogo tu. Kwenye tambarare, mguu ukiwa umefika chini, lilikuwa linakwenda kilomita 70 na ushei kwa saa, basi.

Malori haya yalipouzwa na jeshi, mengi yalinunuliwa na kampuni za watalii, yakawekewa viti na hema na kuteremka bara zima la Afrika kwa barabara. Langu lilikuja kwa njia hiyo, likaishia Kampala, nikalipata huko. Kwa nini sikununua Fuso nzima nikaachana na mambo mengi? Kwa sababu ya kazi. Mimi nabeba simsim, mihogo mikavu, mabati, saruji, na mara nyingine chakula cha kwenda upande wa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Bidi Bidi. Ukiacha lami ya Koboko ukaingia njia za vijijini wakati wa mvua, lori la kawaida la magurudumu mawili ya nyuma linakaa kwenye tope mpaka jua litoke. Bedford inapita. Chesisi yake inajikunja bila kuvunjika, iko juu, na matairi ya moja moja yanafuata njia ile ile iliyokanyagwa na ya mbele. Gari la namna hiyo huwezi kulipata jipya kwa bei ya mfanyabiashara wa Arua.

Shida ilikuwa spea. Kampuni ya General Motors iliuza kiwanda cha malori ya Bedford huko Dunstable mwaka 1987, mnunuzi akaendelea kwa jina la AWD, na mwaka 1992 akafilisika. Kwa hiyo pistoni, laina na pampu ya ile mashine ya mafuta mengi ni vitu vya kuagiza Uingereza na kusubiri. Difu (gia za katikati ya ekseli), transfa (giaboksi ndogo inayogawa mzunguko kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) na ekseli zake ni ngumu na huharibika kwa nadra. Mashine ndiyo iliyochoka.

Nilimpelekea mzee mmoja, fundi aliyejifunza kazi katika karakana ya jeshi zamani, mtu wa Kiswahili cha kambi na maneno machache. Nikamwambia, "Mzee, nataka mashine yenye nguvu."

Akanijibu, "Mwanangu, niambie kwanza unataka gari litembee mwendo gani, na mashine izunguke mara ngapi. Nguvu tutaitafuta baadaye."

Kuanzia hapo tukaweka spana pembeni na kuchukua chaki.

Hesabu yenyewe mtu yeyote anaweza kuifanya, na ningeomba kila mwenye lori la aina hii aifanye kabla hajatoa shilingi moja. Kwanza, difu. Pandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi. Jingine libaki chini, limezuiwa kwa gogo mbele na nyuma. Transfa iwe nyutro, breki ya mkono imeachiwa. Chora alama kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye difu. Sasa zungusha lile gurudumu lililo juu mara mbili kamili huku mwenzako anahesabu propela inazunguka mara ngapi. Idadi hiyo ndiyo namba ya difu yako. Ni mara mbili, si mara moja, kwa sababu gurudumu jingine limesimama na difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Pili, tairi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, lori likiwa na mzigo, lisukume mpaka alama irudi chini, pima kwa futi kamba. Usitegemee namba za kwenye tairi, maana mzigo unalibonyeza.

Tuseme umepata difu ya sita kwa moja, na tairi inakula mita 3.4 kwa mzunguko. Gia ya juu ya Bedford ni moja kwa moja, yaani shafti inayotoka inazunguka sawa na mashine. Mashine ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 333, na lori linakwenda kama kilomita 68 kwa saa. Ukitaka 90, lazima uisukume mashine ipite 2,600. Sasa hebu weka mashine mpya ya nguvu mara mbili bila kugusa giaboksi. Kwenye mizunguko 2,000 utakwenda kilomita ngapi? Zile zile 68. Mlima wa kutoka daraja la Pakwach utaupanda vizuri zaidi, sikatai, lakini kwenye tambarare utakuwa na mashine kubwa inayolia bure.

Chukua hesabu hiyo hiyo, uweke giaboksi yenye ovadraivu, ambayo mashine ikizunguka robo tatu, shafti inayotoka imeshazunguka moja kamili. Kwenye mizunguko 2,000 lori linakwenda karibu 90. Kwenye 1,600, ambapo mashine nyingi za dizeli za malori huvuta vizuri na kunywa kidogo, unakwenda 72. Lori lile lile, difu ile ile, ila sasa dereva anaweza kuzungumza na taniboi wake bila kupiga kelele. Mwendo huo wa 72 ndio niliokuwa nautafuta. Zaidi ya hapo sipendi kulikimbiza lori la umri huu, na nitasema kwa nini nikifika kwenye breki.

Kuna sababu ya pili. Giaboksi ya Bedford ina gia nne tu. Kutoka gia moja hadi nyingine ni hatua ndefu, na ukiwa na mzigo mlimani unajikuta ya tatu inalia na ya nne inazima. Gia sita zinapunguza hatua hizo, na hapo hata mashine ya nguvu ya wastani inafanya kazi ya mashine kubwa. Mzee alinirudia neno hili mpaka nikalishika.

Basi tukaenda Kampala tukitafuta giaboksi, na mashine iwe ile iliyozaliwa nayo. Hili nalisisitiza: nunua vyote viwili kutoka gari moja, vikiwa bado vimeshikana ikiwezekana. Ukichukua mashine ya gari hili na giaboksi ya gari lile, utatengeneza pleti ya kuunganisha, utatafuta flaiwili itakayokubali klachi, utakereza bushi ya mbele ya shafti, na kila kimoja kikikosa unyoofu kidogo tu, beringi ya giaboksi inakula na klachi inatetemeka. Vikija pamoja, kiwanda kimeshakufanyia kazi hiyo.

Waingereza wenyewe wanaobadilisha mashine za Bedford hizi hupenda Cummins 6BT, ya lita 5.9. Ni mashine nzuri sana. Gia zake za taiming ni za chuma, hakuna mkanda wala cheni, na hapa kwetu ipo ndani ya baadhi ya malori ya Tata 1613. (Ukiipata ya zamani, fungua kava la mbele ikaguliwe ile pini ndogo ya chuma inayopanga kava la gia. Inaweza kulegea, ikatoka na kuangukia katikati ya meno. Fundi anaizuia kwa kipande kidogo cha bati nene na bolti, kazi ya mchana mmoja inayookoa mashine nzima.) Niliifikiria kwa muda mrefu. Lakini nilijiuliza: lori likizima Yumbe usiku, nani ana spea? Jibu la kweli ni Fuso. Mashine ya Mitsubishi 6D16, lita 7.5, silinda 6, volti 24 kama Bedford yenyewe, na fundi anayeijua yuko karibu kila mji wa Uganda wenye gereji. Gasketi, nozeli, pampu ya maji, hata mitumba kamili kutoka Japani, vyote vipo.

Mtu atasema Cummins ina turbo na 6D16 niliyochukua haina, na Arua tuko juu ya mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi na mashine isiyo na turbo hupoteza kama asilimia moja kwa kila mita mia. Ni kweli. Nimekubali kuipoteza hiyo asilimia kumi na kitu, maana lita 7.5 dhidi ya lita 5.4 za zamani bado ni faida, na turbo ni kitu kimoja zaidi cha kufa kwa vumbi la kiangazi cha West Nile.

Huko Ndeeba, Kampala, ndiko nilikoona umuhimu wa chaki kwa mara ya pili. Giaboksi za gia sita za Fuso ziko za namna nyingi, na kwa nje zinafanana. Nyingine gia ya sita ni moja kwa moja, nyingine ni ovadraivu, na muuzaji atakuambia yoyote unayotaka kusikia. Mzee hakubishana naye. Aliomba giaboksi ilazwe juu ya tairi kuukuu, akaingiza gia ya juu kabisa kwa bisibisi, akapiga mstari wa chaki kwenye shafti ya kuingilia na mwingine kwenye flanji ya nyuma. Akazungusha mbele mara kumi polepole, mimi nikihesabu nyuma. Ya kwanza ilizunguka kumi. Akaiacha bila neno. Iliyofuata ilipita kumi na tatu, na mstari ukasimama theluthi moja mbele zaidi. Hapo akatoa kitambaa, akafuta mikono, akaniangalia: "Hii. Sasa uliza mashine yake iko wapi."

Kazi ya kuingiza sitaieleza bolti kwa bolti, kwa sababu kila lori lina yake. Nitataja sehemu zinazowashinda watu.

Kwenye Bedford hii mashine imekaa nyuma ya viti vya dereva na abiria, karibu na ekseli ya mbele. Kwa hiyo sampu (bakuli la oili chini ya mashine) ya mashine mpya lazima ipishane na ekseli, na upimaji usifanywe lori likiwa limesimama kwa raha. Ekseli hupanda springi zinapobonyea. Sisi tulilibonyeza upande mmoja kwa kupandisha gurudumu juu ya magogo, kisha tukapima nafasi iliyobaki. Fundi wa kuchomelea alikata sampu na kuhamishia tumbo lake nyuma, bomba la kunyonya oili nalo likafuata. Hapa usiwe bahili: bomba likinyonya hewa kwenye mteremko, beringi za krenki zinakufa kimya kimya.

Transfa ya Bedford haikushikamana na giaboksi. Imekaa peke yake nyuma, na propela fupi inaziunganisha. Hiyo ndiyo neema kubwa ya lori hili, na ndiyo sababu kazi yote inawezekana kwenye gereji ya kawaida, kwani unabadilisha kilicho mbele ya ile propela fupi na nyuma yake kunabaki kama jeshi lilivyopanga. Ila giaboksi ya gia sita ni ndefu kuliko ya gia nne. Propela fupi inazidi kuwa fupi, na shafti fupi inapinda kwa pembe kali. Krosi zake mbili, yaani viungo vya kukunjika vya kila ncha, zinataka pembe sawa, yaani flanji ya giaboksi na flanji ya transfa zitazame sambamba hata kama haziko kimo kimoja. Zisipokuwa sambamba lori litatetemeka kwenye mwendo fulani, na utabadilisha krosi kila msimu ukidhani ni feki. Tulirudisha transfa nyuma kidogo, propela ya nyuma ikakatwa na ya mbele ikaongezwa, zote zikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Hiyo ya mbele nayo inapita kandokando ya giaboksi, kwa hiyo angalia isije ikagusa tumbo la giaboksi springi zikibonyea.

Braketi za kushikilia mashine tulizifunga kwa bolti kwenye ubavu wa chesisi. Hatukuchomelea. Chesisi hii inajikunja makusudi, na moto kwenye kingo zake za juu na chini ni mwanzo wa ufa. Tulitumia raba za Fuso zenyewe, ili mashine isije ikageuka kuwa sehemu ya chesisi.

Kisha mkono wa gia, ambao ndio uliokula muda kuliko vyote. Dereva amekaa mbele, giaboksi iko nyuma yake, na fimbo lazima zirudi nyuma zikipita kando ya mashine yenye joto. Ukiweka viungo vyenye nafasi, kila kimoja kinaongeza kulegea kwake, na mwishoni dereva anatafuta gia ya tatu kama mtu anayekoroga ugali. Fundi alitumia tairodi endi za gari dogo kama viungo. Zinazunguka pande zote, hazilegei, zina kofia ya raba ya kuzuia vumbi, na zikiisha unanunua nyingine duka lolote. Naipenda sana sehemu hii ya lori. Ni kazi safi, na hakuna kitabu kilichomfundisha.

Rejeta, tulitumia ya Fuso. Bomba la hewa tuliliinua juu ya kebini na kuweka ea klina kubwa kuliko iliyohitajika. Kava la mashine nyuma ya viti lilivikwa blanketi la kuzuia joto. Mambo ya geji na nyaya yalikuwa mepesi, kwa sababu volti zilikuwa sawa.

Sasa breki. Breki za MK ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, kwa hiyo mashine yoyote utakayoweka lazima iwe na kompresa. Mashine ya basi dogo au ya pikapu, hata ikiwa na nguvu nzuri, itakuacha bila upepo, yaani bila breki. Nimeona watu wakilisahau hilo mpaka siku ya kuwasha. Na hata kompresa ikiwepo, ngoma na laini za breki ni zile zile zilizopangiwa lori la kilomita 70. Ovadraivu inaweza kukufikisha 90 kwa urahisi sana, na lori lenye tani 4 mgongoni kwenye 90 linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Mimi nimefunga skrubu ya pampu ili dereva asiweze kuvuka 80. Madereva wananilalamikia. Nawaambia wanalalamika wakiwa wazima.

Kitu kingine cha kulindwa ni transfa na shafti za ekseli. Nguvu inayofika kwenye gurudumu ni nguvu ya mashine ikizidishwa kwa gia ya kwanza, ikizidishwa kwa transfa ya chini, ikizidishwa kwa difu. Umeongeza mashine, na gia ya kwanza ya giaboksi ya gia sita ni nzito pia. Ukiweka transfa chini, gia ya kwanza, lori limezama mpaka ekseli, ukakanyaga mafuta yote, kitu kitakatika, na kitakachokatika ndicho kisicho na spea. Kwenye tope tunatumia transfa ya chini na gia ya pili au ya tatu, mguu mwepesi, na beleshi kabla ya mguu. Dereva mpya hapewi ufunguo mpaka anionyeshe hivyo.

Mwisho, karatasi. Namba ya mashine iko kwenye logibuku, na ukibadilisha mashine namba hiyo haifanani tena na gari lako. Omba risiti ya mauzo yenye namba ya mashine siku unayonunua, na hakikisha namba imesomeka kwenye bloku kabla hujalipa, kisha uende kuandikisha mabadiliko kabla ya lori kurudi barabarani. Bima nayo inataka maelezo yanayolingana, kwa maana siku ya ajali hakuna atakayesikiliza habari za gia na ovadraivu.

Wenye Bedford RL, kaka mkubwa wa hii, wale wenye mashine ya petroli ya lita 4.9: transfa yenu nayo imekaa peke yake, kwa hiyo njia ni hii hii. Ila kagueni umeme kwanza, kwa sababu si zote ni za volti 24, na stata ya Fuso haitageuka kwa volti 12.